Kilo Hamsini na Moja

Nilikuwa karani wa mizani kabla sijawa rubani, na ukiniuliza kazi ipi ilikuwa ngumu zaidi nitakuambia ni ile ya kwanza. Ndege haibishani nawe. Gunia la sukari lina mawakili: mwenyewe anasimama pembeni akiapa kwamba mizani yako ni mgonjwa, mpagazi wake anaapa, hata punda wa mkokoteni anatikisa kichwa. Miaka minane nilikaa kwenye stoo ile ya jumla, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumba yetu ya mtaa wa Ziwani, Nairobi, nikipima sukari, mchele na maharagwe, mpaka nikawa ninaweza kukutazama ukivuka barabara nikakutajia uzito wako pamoja na wa chakula ulichokula mchana. Natia chumvi, najua. Mke wangu husema nikihesabu watoto wetu wawili hupata watano.

Mwenye stoo alikuwa mzee Msomali aliyekuja Nairobi ujanani kutoka kaskazini mashariki, mahali penye kisima, uwanja wa ndege wa murram, ule udongo mwekundu wa kushindiliwa, na nyumba chache. Alikuwa jirani yetu pia, mlango wa nne kutoka wetu. Angeweza kuhama Ziwani mara kumi kwa biashara aliyokuwa nayo, na hakuhama. "Wageni wangu wanajua mlango huu," alisema. "Nikihama watamgongea nani?"

Barabara za kwao zilipokatika, mizigo yake ilikwenda kwa ndege ndogo, nami nilitumwa kwenye uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, ng'ambo ya pili ya mji, kusimamia upimaji. Hapo ndipo nilipomwona rubani akiwa amepiga magoti kwenye lami, kalamu sikioni, akijumlisha magunia, abiria na mafuta, kisha akigawanya mzigo mbele na nyuma. Nikasimama kama mtu aliyemwona ndugu yake wa kupotea. Kumbe rubani naye ni karani wa mizani, ila mizani yake inapaa!

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na elimu ya kusoma magazeti. Nikajiandikisha masomo ya jioni katika shule ya msingi ambayo mchana ilikuwa ya watoto. Tulikalia viti vya darasa la pili, wanaume wenye ndevu, magoti yakigusa masikio. Dereva wa lori aliyekaa mbele yangu alijibu maswali ya hesabu akiwa usingizini, na alipata. Nilipofaulu hesabu na fizikia, kiwanja chetu cha Njiru, ambacho tungejenga na kuhamia kama watu wenye akili, kikauzwa, kikageuka saa za kujifunza kuruka. Mke wangu, binti wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, alitia sahihi bila kulia, kisha akaniambia:

"Baba watoto, umeuza mahali pa kuhamia. Sasa ruka ufike mwezini, utarudi kulala hapa hapa Ziwani."

Ikawa hivyo. Kampuni ndogo ya ndege za mikoani ilinichukua, kwanza nikiwa rubani msaidizi, baadaye peke yangu kwenye ndege ya viti tisa, nikienda kaskazini na kurudi siku hiyo hiyo. Wenzangu wote waliishi karibu na uwanja. Mimi nilikwenda kazini kwa baiskeli nyeusi, shati jeupe limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki lisishike vumbi. Vijana wa kwenye kibanda cha chai hawakuniacha.

"Niaje kapteni! Leo ndege umeifunga kwa mti gani?"

"Iko kwa fundi," niliwajibu. "Inazibwa pancha."

Siku niliyokwenda stoo kuaga, mzee alinitazama kutoka kiatu hadi kofia. "Warya, we karani," akasema, kwani karani ndilo jina aliloniita mpaka mwisho, "umekuwa mtu wa juu. Nani atanipima mimi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba alitaka kuzikwa kwao, kando ya mama yake, karibu na kisima. Dini yao inapenda mtu azikwe alipofia, na haraka. Sheikh alikuwa amemkubalia kwa sharti moja: afike siku ile ile, jua halijazama. Kukiwa na shaka, azikwe Nairobi.

"Utanifikisha?"

"Mzee!" nikasema, nikijipiga kifua kwenye ile nembo mpya ya mabawa. "Ukikata roho alfajiri, adhuhuri uko kwa mama yako. Chai ya wanaokulilia haitakuwa imepoa!"

Akavua makubadhi yake, akayapanga vizuri sakafuni, akapanda juu ya mizani ya sukari. "Basi niwekee nafasi. Ngapi?"

"Mbona umevua viatu?"

"Maiti havai viatu, karani."

Sitini na mbili. Hiyo ilikuwa kweli tupu. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ambayo sikuwa angani, nilipita stoo kumpima. Aliuliza, nikamtajia, akarudia namba ile kwa mkewe jioni kama mtu anayetaja namba ya kiti chake. Lakini mwaka uliofuata mshale ulianza kurudi nyuma. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuuona mshale. Aliuona uso wangu tu. Siku moja ulisimama kwenye hamsini na sita.

"Ngapi?"

"Sitini, Mzee! Mama nyumbani anakupikia nini, ngamia mzima?"

Akafurahi, akashuka polepole huku akinishika bega. Sikuona ubaya wowote. Ni kilo nne tu. Nani amewahi kuumizwa na kilo nne? Jumamosi zilizofuata niliendelea kumwambia sitini, na mshale ukaendelea kwenda ulikokuwa ukienda.

Alikufa mwaka wa ile mvua kubwa ambayo kila aliyekuwa hai Kenya anaikumbuka, mvua iliyobeba madaraja. Kifungua mimba wake alinigongea alfajiri nikiwa tayari nimeshika baiskeli. Nilipoingia kwao sebule ilikuwa imejaa wanaume waliokaa kwenye mikeka, na pazia la mlango wa ndani limeshushwa. Familia ilikuwa imeamua kukodi ndege yetu. Kilichobaki ni swali la sheikh, naye aliniuliza mbele ya wote:

"Kijana, mvua ni nyingi. Una hakika utafika?"

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema siku ile. Jioni iliyotangulia, kabla sijatoka kazini, nilikuwa nimesoma ilani kwenye ubao wa ofisi yetu. Ilikuwa ujumbe wa redio kutoka kule: uwanja umeanza kushika maji, hali ya kesho haijulikani. Nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno. Ningelisema, sheikh angenishukuru, na mzee angezikwa kabla ya adhuhuri bila mtu kunilaumu. Lakini nilitazama ile mikeka, wale watu walionijua nikiwa na unga wa mchele kwenye nyusi, wote wakinisubiri mimi.

"Sheikh," nikasema, "nitaishusha ndege juu ya kigoda nikitaka."

Baadhi yao walitabasamu ndani ya machozi. Nyuma ya pazia sikumwona Mama, mke wa marehemu, lakini niliviona vidole vyake vinne vilivyolishika pazia. Vikaliachia.

Uwanjani tuling'oa viti. Kila kinachoingia ndani ya ndege ndogo hupimwa, na maiti naye hupimwa. Walimweka mizanini akiwa ndani ya sanda na mkeka wake. Mshale ulitetemeka, ukatulia kwenye hamsini na moja.

Mwanawe aliinama akautazama, kisha akanitazama mimi. "Hamsini na moja? Jumamosi Baba alituambia ni sitini. Alisema wewe umempima."

Niliandika hamsini na moja kwenye fomu.

Njia nzima mwanawe alikaa kando yangu mbele, akisoma dua kwa sauti ya chini. Mawingu yalitufungia, yakatufungulia, na tulipofika nikashuka chini yake nikauona uwanja. Ulikuwa unang'aa. Uwanja wa murram ni mwekundu na hauna haki ya kung'aa. Maji yalikuwa yamelala juu yake kutoka mwisho hadi mwisho, tambarare kama kioo, na ndani yake nikaiona ndege yangu ikipita.

Kando ya kisima niliona kaburi. Walikuwa wamelichimba juu ya kilima kidogo pasipofikiwa na maji, na watu walikuwa wamesimama kulizunguka, wanaume thelathini hivi waliovaa nyeupe. Thelathini, sikuzidisha. Wote walikuwa wametazama juu.

"Tua," mwanawe akasema.

"Siwezi, ndugu yangu. Ni maji."

"Uliahidi."

Nikazunguka mara ya pili, chini zaidi, labda nione hata ukanda mmoja mkavu. Watu wale waligeuka pamoja wakitufuata kwa nyuso zao. Mmoja aliinua mkono. Sikujua kama anatupungia tushuke au anatukataza. Mji wenye uwanja wa lami ulikuwa mbele kidogo, lakini barabara kutoka huko hadi kisimani ilikuwa imekuwa mto. Mzee angekwama njiani, si kwao wala si Nairobi. Mwanawe alifunika uso kwa viganja, akasema, "Turudi."

Tulimzika Kariokor, kwenye makaburi ya Waislamu, jua likiwa limebakiza kidole kimoja kuzama. Yaani nilimbeba kilomita mia kadhaa angani, nikamrudisha, nikamlaza mahali ambapo nikikohoa vizuri nyumbani kwangu angenisikia.

Baada ya hapo alinifuata. Sisemi kwamba nilimwona. Mimi ni mtu wa hesabu na fizikia. Nasema kwamba kila alfajiri njia yangu ya kazini ilipita kwenye ukuta wa makaburi yale, na pale ukutani baiskeli ilikuwa nzito. Nilitia mafuta mnyororo, nikabadilisha tairi, nikajaza pumzi mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Ikawa nzito vile vile, hatua mia moja, kisha ikawa nyepesi tena. Na kule kaskazini, uwanja ulipokauka na safari zikarudi, kila nikishuka nililiona lile shimo juu ya kilima. Halikufukiwa. Nilimwambia mke wangu, akaacha kukuna nazi.

"Kwetu kaburi haliachwi wazi," akasema. "Likichimbwa likakosa mwenyewe, hupandwa hata shina la mgomba lisikae na njaa."

"Wale si watu wa kwenu."

"Shimo linajua kabila?"

Hapo ndipo nilipoanza kuacha nafasi. Nikijaza fomu ya uzito, nilipofika kwenye jumla kalamu ilikataa kwenda hadi mwisho. Nilibakiza kilo hamsini na moja kila safari. Sanduku la dawa likabaki, mzigo wa miraa ukabaki, mara moja hata abiria alibaki akinitukana kwa lugha tatu. Ndege ikipaa niliisikia imejaa, imekaa sawasawa, kama vile nafasi ile haikuwa tupu.

Meneja wetu si mjinga. Aliziweka fomu zangu mezani kama karata.

"Eleza. Hizi kilo hamsini zinaenda wapi?"

"Hamsini na moja," nikasema, na papo hapo nikajuta.

"Umechoka wewe. Mtu anaendesha baiskeli kutoka huko kwenu Eastlands alfajiri halafu anaendesha ndege! Kuna nyumba hapa nyuma, imebaki tupu. Hamia mwisho wa mwezi, au hiyo ndege nampa mwingine."

Miaka yote nilikuwa nimemkatalia kwa mizaha. Siku ile nilikubali kabla hajamaliza. Kule hakukuwa na ukuta. Nikamwambia mke wangu, naye akaanza kufunga vyombo kwenye magazeti bila kuniuliza kitu, jambo lililonitisha kuliko maswali.

Jioni mbili baadaye Mama aligonga mlango. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na tangu mazishi tulikuwa tukisalimiana kwa mbali. Alikaa kwenye kiti pekee ambacho hakikuwa kimefungwa.

"Nasikia unahama, karani."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi pia. Kijana wangu amepata nyumba Komarock, anataka nikae naye. Nimekataa. Nakwenda kwa dada yangu, kule kisimani. Utanipeleka Alhamisi."

Nikashusha sufuria niliyoishika. Nilijua nisiposema pale, nitalibeba lile neno mpaka kwenye nyumba ya meneja. "Mama, siku ile nilijua. Jioni yake niliona kwenye ubao kwamba uwanja umeshika maji. Sheikh aliponiuliza, nikaficha."

Hakushtuka. Alikuwa akiitazama ile sufuria.

"Sisi tuna redio," akasema. Kweli, siku hizo nyuma ya maduka ya Eastleigh kulikuwa na vyumba vya redio ambamo watu walizungumza na kwao. "Alfajiri ile kijana wangu alikwenda kuwaambia wachimbe kaburi. Dada yangu akamjibu: tutachimba, lakini msimlete, uwanja umejaa. Akarudi akaniambia, mimi peke yangu, nyuma ya pazia."

"Sasa kwa nini…"

"Tulitaka mtu mmoja aseme ndiyo. Na wewe husema ndiyo kwa kila kitu."

Nilidhani siku nitakayokiri nitapumua. Badala yake nilisimama katikati ya vyombo vilivyofungwa, nikikumbuka vidole vinne vikiachia pazia, na sikujua sasa kile kitu nilichokuwa nimekibeba nikiweke wapi.

"Lile kaburi liko wazi bado," nikasema. "Huwa naliona."

"Wanataka kulifukia, nimewakataza. Nakwenda kukaa karibu nalo." Alilisema kama mtu anayezungumzia kiti alichowekewa. "Lakini yeye yuko hapa. Mimi naondoka, kijana anaondoka, wewe unaondoka. Nani atapita pale ukutani?"

Mke wangu alikuwa mlangoni, gazeti mkononi, hasogei.

"Nipe ahadi," Mama akasema, "lakini ndogo. Usinitilie chumvi."

Nilikuwa na sentensi nne zimejipanga mdomoni, moja ina simba ndani yake. Nikazimeza zote. "Nitakaa."

"Basi." Akainuka. Nyuma yangu nilisikia gazeti likikunjuliwa. Mke wangu alikuwa ameanza kufungua vikombe.

Nilimwambia meneja kwamba sihami, na kwamba ndege yangu itajaa kuanzia Alhamisi. Akasema nikichelewa siku moja tu nitaona. Sijawahi kuchelewa. Tuseme mara mbili.

Alhamisi Mama alifika na furushi moja na mtungi wa plastiki. Kwenye fomu nilikuwa nimembakizia kilo zile zile, hamsini na moja. Alipanda mizanini. Hamsini na nane na nusu.

"Ngapi?"

"Hamsini na nane na nusu, Mama."

Akashuka, akavua ndara zake, akazipanga kando ya mizani, akapanda tena. "Sasa?"

"Hamsini na nane."

"Kweli?"

"Kweli."

Nikatoa furushi la magazeti na begi langu mwenyewe, ikatosha. Alipokuwa akipanda ngazi nikamwita, "Mama, ndara zako!"

"Weka. Kule ni mchanga."

Uwanja ulikuwa mwekundu na mkavu. Dada yake alimpokea, wakaenda wameshikana mikono bila kugeuka. Nilipopaa nikazunguka mara moja, jambo ambalo si la sheria, nikamwona amekaa ukingoni mwa lile shimo, nguo yake ya manjano imetandazika, ametazama juu. Akainua mkono. Safari hii pia sikujua maana yake.

Nilirudi na ndege iliyojaa hadi kilo ya mwisho. Ndara zilikuwa pale pale kando ya mizani. Nikazifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, nikapita mjini, nikafika Kariokor jua likiwa bado juu ya mabati. Pale ukutani baiskeli ikawa nzito kama kawaida. Safari hii sikukanyaga kwa nguvu nipite. Nikashuka, nikaiegemeza, nikaweka mkono juu ya jiwe ambalo jua lilikuwa limelichoma mchana kutwa.

"Mzee," nikasema, "ilikuwa hamsini na moja."

Nikasubiri kidogo. Kisha nikaikokota baiskeli kwa miguu hadi nyumbani.